Kupepesuka, kuduwaa, kupigwa na butwaa: mshtuko unaoyumbisha na mshtuko unaogandisha

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna sentensi moja imenisumbua siku tatu mfululizo, nikaona niilete hapa kabla sijairudisha kwa mhariri wangu. Kazi yangu ni kutafsiri na kuandika hadithi. Sentensi yenyewe niliiandika hivi:

"Aliposikia kwamba mwanawe hatarudi tena, mama yule alipepesuka kwa mshangao, akabaki amesimama kama mlingoti."

Mhariri akapiga mstari chini ya *alipepesuka*, akaandika pembeni maneno manne: "Kayumba au kasimama? Chagua."

Niliudhika kwanza. Nikasema moyoni, mtu akipigwa na habari nzito namna hiyo si lazima apepesuke? Nilipotulia nikaanza kulichunguza neno, nikaona mhariri amegusa jambo kubwa kuliko sentensi yangu. Kiswahili hakina mshtuko wa aina moja. Kuna mshtuko unaompa mtu mwendo asioutaka, na kuna mshtuko unaomnyang'anya mwendo wote. Kila mmoja una maneno yake na hata sarufi yake, na sisi tunaoandika tumeanza kuukoroga huu na ule.

Nianze na *pepesuka*. Kupepesuka ni kutembea au kusimama huku mwili ukikwenda huku na huku na mwenyewe hautawali. Anapepesuka mlevi. Anapepesuka mgonjwa aliyeinuka kitandani baada ya homa ndefu, bondia aliyekula ngumi ya kidevu, mtu aliyejitwika mzigo unaomzidi, abiria anayevuka sitaha bahari ikiwa imechafuka. Wote hawa wana jambo moja: miguu bado iko chini. Akishaanguka, hapepesuki tena, ameanguka. Neno linaishi katika ule muda mfupi ambao ardhi bado haijamkataa.

Tazameni na ukoo wake: upepo, pepea, pepeta, pepesa, peperuka, pepesuka. Yapangeni kwenye mstari mmoja muyatamke polepole, utasikia hewa inapita. Bendera hupepea, maana imefungwa mahali. Karatasi hupeperuka, maana imeng'oka na kwenda zake. Mlevi hupepesuka: hajafungwa, hajang'oka, yuko katikati. Nimewahi kusoma "upepo mkali ulimfanya mzee apeperuke njiani" nikajiuliza mzee huyo alitua wapi.

Halafu sikilizeni jinsi silabi ya kwanza inavyojirudia. Pe-pe-suka. Te-te-meka. Te-te-reka. Ba-ba-ika. Pa-pa-tika. Maneno mengi ya Kiswahili yanayoeleza mwili usiotulia yamebeba silabi iliyopigwa mara mbili, kama mguu unaoitafuta ardhi mara mbili. Ndiyo maana hatuna haja ya kusema "pepesukapepesuka". *Yumba* linahitaji kurudiwa, tukapata *yumbayumba*. *Lewa* ni kuwa na pombe kichwani, ila *lewalewa* ni kuyumba hata kwa asiyeonja tone, na chombo baharini nacho hulewalewa. *Wayawaya* halikatiki kabisa, kwa sababu ukilikata unabaki na waya wa umeme. Katika Biblia ya Union Version ya 1952, Isaya 24:20, maneno mawili kati ya haya yamewekwa pamoja: dunia inalewalewa kama mlevi, inawayawaya kama machela. Aliyewahi kuona machela iliyobebwa na watu wawili wasiolingana hatua ataelewa kwa nini mfasiri alichagua picha ile.

Sasa njooni upande wa pili. Duwaa. Tunduwaa. Zubaa. Pumbaa. Bung'aa. Shangaa. Na nomino tunazopigwa au kushikwa nazo: butwaa, bumbuwazi. Hapa hakuna anayetikisika. Macho yamekodoka, mdomo umeachama, mikono imebaki pale ilipokuwa. Mtu amegeuka kitu.

Je, mnaona mwisho wa vitenzi hivi? Karibu vyote vinaishia na -aa. Vya upande wa kwanza, vya kuruka na kuyumba, vingi vinaishia na -uka: shtuka, gutuka, kurupuka, pepesuka. Sidhani kwamba ni bahati tu. Nitarudi hapa nikipata nafasi, ila kwanza nataka kusikia kwenu. Mnayatumiaje maneno haya? Na sentensi yangu mngeifanyaje?

#2

Mkuu, mimi pepesuka nimelijua kwa walevi tu. Mtu akipata habari mbaya nasema "kachanganyikiwa" au "kapigwa na butwaa". Ukiniandikia mama amepepesuka nitadhani amekunywa.

#3 (mleta uzi)

Nakuelewa, na wengi wako upande wako. Lakini mlevi ni mfano maarufu, hajalimiliki neno. Mtu akikuambia "nilitoka wodini napepesuka" huwezi kumdhania ulevi. Kinachofanya akili ikimbilie pombe ni mazingira yaliyoachwa matupu. Mwandishi akieleza kilichomyumbisha mtu, neno linatulia.

Hilo la kuchanganyikiwa nalo ni la tatu, liko mbali kidogo. Aliyechanganyikiwa mawazo yake yamekuwa mengi yasiyo na mpangilio. Aliyepigwa na butwaa mawazo yamekatika. Ni hali mbili zisizofanana hata kidogo, na mtu anaweza kutoka kwenye butwaa akaingia kwenye kuchanganyikiwa.

#4

Ahsante kwa uzi. Mimi nafundisha Kiswahili, na hoja yako ya -aa na -uka imenivutia, ila naomba nikubane.

*Tambaa* linaishia na -aa na mtoto anatambaa, anakwenda. *Sambaa* vilevile, habari zinasambaa. *Zagaa*, *tapakaa*. Vyote vina mwendo. Na *tetereka*, *tikisika*, *tetemeka*, *fadhaika* haviishii na -uka. Kanuni yako inavuja.

#5 (mleta uzi)

Mwalimu, umenibana mahali pazuri. Nijitetee, lakini pia nirekebishe.

Hiyo -aa ina historia. Kiswahili kimeangusha sauti ya *l* kati ya irabu katika maneno mengi ambayo ndugu zake wa Kibantu wameihifadhi. Sisi tunasema njaa, Wachewa wa Malawi wanasema *njala*. Sisi kaa, wao *khala*. Sisi vaa, wao *vala*. Na *l* hiyo haikufa, inajificha. Ukiweka kauli ya kutendea inaibuka: kaa, kalia; vaa, valia; zaa, zalia; kataa, katalia. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanaeleza kiambishi cha zamani cha *-al-* kinachohusu kuenea au kukaa katika hali fulani. Kwa hiyo tambaa na sambaa haziniangushi sana. Kutambaa ni kuutandaza mwili chini, kusambaa ni kutandaa. Nilikosea kusema -aa ni utulivu. Ni sahihi zaidi kusema ni kutandikwa katika hali, na aliyeduwaa ametandikwa katika hali yake, haitoki.

Upande wa -uka nakubali kwamba -ika na -eka nazo zipo. Ila angalia kitu kimoja ambacho kwangu ndicho kizuri kuliko vyote: mtu aliyeduwaa anatokaje? *Anazinduka*. Anagutuka. Anakurupuka. Tunasema "alizinduka kutoka katika bumbuwazi". Dawa ya -aa ni -uka, kama vile anayefungua kilichofungwa anavyopitia *funga, fungua, funguka*.

Na kama mwisho wa neno haukuridhishi, nina kipimo kingine ambacho nimekijaribu kwa siku hizi tatu. Muoneshe mtu kwa kidole halafu useme yuko katika hali gani sasa hivi. Utasema "yule pale, *ame*duwaa". Utasema "*ame*zubaa", "*ame*tunduwaa", kama unavyosema amesimama, amelala, amekaa. Lakini mwingine ni "yule pale, *ana*pepesuka", "*ana*yumba", "*ana*tetemeka". Ukisema "anaduwaa" unaeleza tabia yake, au unamwona akianza kuingia katika hali hiyo. Ukisema "amepepesuka" unaeleza tukio lililopita. Kwa hiyo hata kabla ya maana, wakati wa kitenzi unatueleza kwamba duwaa ni hali na pepesuka ni tendo.

#6

Na *shangaa*? Watu wanasema "mbona unashangaa?" kila saa. Na "mbona unazubaa?"

#7 (mleta uzi)

Ni kweli, na kwa *shangaa* kipimo changu hakina nguvu. Kushangaa kumepanuka mno. Siku hizi ni kutazama ("wanashangaa ajali"), ni kutoamini, ni kulaumu ("nakushangaa wewe"), ni mshangao wenyewe. Neno likishabeba mizigo mingi hivyo linaanza kutumika kama tendo. Kwa *zubaa* naona "unazubaa" ni lawama ya tabia, yaani unajichelewesha, wakati "umezubaa" ni picha ya mtu aliyesimama mdomo wazi. Ukisikiliza kwa makini, zina tofauti.

#8

Wakuu, nilikuwa nasoma tu kimya kimya ila hapa naomba nichangie kama mhudumu wa afya, maana kupepesuka tunakuona kwa macho kila siku.

Mtu akipewa habari nzito, mwili hauendi njia moja. Njia inayojulikana zaidi ni ile aliyoieleza mwanafiziolojia Walter Cannon wa Marekani mwaka 1915, ya mwili kujiandaa kupigana au kukimbia: adrenalini inapanda, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Lakini kwa baadhi ya watu kinatokea kinyume chake. Neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo kwenda moyoni na tumboni, inapunguza mapigo ya moyo, mishipa ya damu inalegea, shinikizo linashuka, damu inabaki miguuni na tumboni. Daktari Thomas Lewis wa Uingereza aliipa hali hii jina lake la kitabibu mwaka 1932.

Ubongo una uzito wa karibu asilimia 2 ya mwili, lakini unatumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Ukipungukiwa na damu hata kwa sekunde chache, mtu anazimia. Na kabla ya kuzimia kuna hatua fupi ambayo ndugu wa mgonjwa huieleza vizuri kuliko vitabu: kijasho chembamba kinamtoka, masikio yanavuma, giza linamwingia machoni, miguu inaisha nguvu, *anapepesuka*. Ukimwona hapo usimshikilie asimame. Mlaze chini, muinue miguu, damu irudi juu.

Kwa hiyo mleta uzi, mama wa kwenye hadithi yako anaweza kabisa kupepesuka bila kuonja pombe. Mhariri asikutishe kwa hilo.

Ila nina lalamiko langu la lugha. Sisi tukisema *mshtuko* tunamaanisha hali ya hatari ambayo mzunguko wa damu umeshindwa kufikisha damu ya kutosha kwenye viungo, labda kwa kutoka damu nyingi au kuharisha sana. Mtu wa kawaida akisikia "mgonjwa yuko kwenye mshtuko" anaelewa kwamba ameshtushwa, anahitaji kuliwazwa. Wengine wanaunganisha na "mshtuko wa moyo", ambayo kwao ni moyo kukosa damu ghafla. Neno moja, hali tatu, na mbili kati yake zinaua. Nimeshaona ndugu wakipuuza kwa sababu ya neno hilo tu. Sasa hivi huwa sisemi "mshtuko" mbele ya familia. Nasema "damu haizunguki vizuri mwilini, ni hatari", na wanaelewa mara moja.

#9 (mleta uzi)

Dada au kaka, mchango wako umenifungua macho, na hilo la mwisho ni zito kuliko yote niliyoleta mimi. Ahsante sana.

Nadhani tatizo la *mshtuko* linatokana na jinsi *shtuka* lilivyo. Shtuka ni papo kwa papo. Mlango umebamizwa, mabega yakapanda, macho yakafumba, imekwisha. Hakuna anayeshtuka kwa saa mbili. Tukalichukua neno la kufumba na kufumbua tukaliita hali inayodumu siku nzima hospitalini, na msikilizaji hawezi kujua.

#10

Tena *shtuka* vijana wamelipeleka mbali. "Nishtue ukifika" maana yake nijulishe. "Nimekushtukia" ni nimeigundua hila yako. "Shtuka wewe!" ni amka, jielewe. Na viongozi wana "ziara ya kushtukiza". Hakuna woga hata kidogo hapo.

#11 (mleta uzi)

Vizuri sana, na kwangu matumizi hayo hayaharibu neno. Yote yamebaki na kiini kilekile: kutoka ghafla katika kutojua. Anayeshtuliwa anaamshwa. Mwenye hila alidhani umezubaa, kumbe umemshtukia, yaani umetoka kwenye -aa ukaenda kwenye -uka. Mitaani wamelielewa neno vizuri kuliko wengi wetu tunaoandika.

#12

Mimi natafsiri kutoka Kiarabu, niongeze ya upande huo kwa sababu mleta uzi ameyaruka.

*Taharuki* linatokana na kitenzi cha Kiarabu cha kusogea, mzizi uleule wa haraka na harakati. Kwa hiyo taharuki ni mshtuko wenye mwendo kuanzia mbegu yake. Ndiyo maana tunasema "taharuki yazuka" watu wanapokimbia huku na huku, na mtu mmoja aliyeganda kimya haleti taharuki. *Fadhaa* inatoka kwenye neno la hofu. *Staajabu* na *ajabu* ni mzizi mmoja, na ndani yake kuna uzuri pia, mtu anaweza kustaajabia anga la usiku. Huwezi kuduwalia anga kwa raha namna ile.

Kuna na *kutahamaki*, ambalo naona linaanza kusahaulika. "Kutahamaki, chumba kimejaa moshi." Hilo ni neno la mtu aliyegundua akiwa amechelewa. Halielezi mwili wala uso, linaeleza kwamba muda umepita bila yeye kujua. Napenda sana waandishi wakilirudisha.

#13

Naomba kuuliza. Ni "alipigwa butwaa" au "alipigwa *na* butwaa"? Naona yote mawili.

#14 (mleta uzi)

Yote yanasemwa. Mimi nashikilia *na*. Butwaa ndiyo inayopiga, na Kiswahili kinampa mtendaji wa kauli ya kutendwa ile *na* yake: alipigwa na radi, alipigwa na baridi, alipigwa na butwaa. Ukiiondoa, butwaa inaonekana kama aina ya kipigo, mfano wa kupigwa kofi au kupigwa teke.

Na hapa kuna jambo linaloniuma kama mwandishi. Tazama nomino tunazozitumia kwa mshtuko unaogandisha zinavyomfanya mtu awe mtendwa. Anapigwa na butwaa, anashikwa na bumbuwazi, anapatwa na mshtuko, anakumbwa na fadhaa, anaingiwa na hofu. Kitu kimekuja kutoka nje kikamkamata. Lakini hakuna "alipigwa na mpepesuko". Kupepesuka mtu anakufanya mwenyewe ingawa hakutaki. Mwili bado unafanya kazi, unahangaika usianguke. Anayepepesuka bado anapigana. Aliyepigwa na butwaa ameshapigwa.

Ndiyo maana vichwa vya habari vinanichosha. Timu ikifungwa bao la mwisho, mashabiki "wapigwa na butwaa". Bei ya kitu ikipanda kidogo, wananchi "wapigwa na butwaa". Siku mtu atakapogandishwa kweli na jambo lisilosemeka tutaandika nini, wakati butwaa tumeshaimaliza kwenye bao la dakika ya 90?

#15

Mbona kwa uchumi tunatumia maneno ya upande wa kuyumba tu? Uchumi umeyumba, umetikisika, umetetereka.

#16 (mleta uzi)

Kwa sababu duwaa linahitaji macho. Uchumi hauna uso wa kuachama. Mwaka 2008, benki kubwa za Marekani zilipoanguka na mambo yakasambaa duniani, Kiswahili kilipata "mtikisiko wa uchumi" mara moja na kila mtu akaelewa, maana kila mtu anajua nyumba inayotikiswa. Msimamo unayumba, imani inatetereka, ndoa inatetereka, serikali inayumba. Vitu visivyo na mwili tunavipa miguu, hatuvipi macho. *Pepesuka* lenyewe naliona limebaki kwa wenye miguu ya kweli. "Uchumi unapepesuka" nimelisoma, na sikulikataa, linatoa picha ya mtu mgonjwa anayejikongoja. Ila nalitunza kwa watu.

#17

Mmesahau *dede*. Mtoto anayeanza kusimama anasimama dede. Anayumba lakini hajashtuka wala hajalewa, na kila mtu anampigia makofi.

#18 (mleta uzi)

Hilo limenifurahisha kweli. Dede ni kuyumba kwa anayekwenda juu. Pepesuka ni kuyumba kwa anayekwenda chini. Mwili unaweza kuwa unafanya jambo lilelile, na lugha imeona kwamba safari si moja.

#19

Turudi kwenye sentensi yako basi. Mhudumu wa afya amesema kupepesuka ni halali. Mwalimu hajakataa. Utamjibu nini mhariri?

#20 (mleta uzi)

Nimelifikiria hili usiku kucha na nitasema kitu ambacho sikupanga kukisema.

Baba yangu alipofariki, simu ilipokelewa na mama. Mimi nilikuwa mlangoni. Alikuwa anafagia, akapokea kwa mkono wa kushoto, ufagio ukiwa bado kulia. Akasikiliza. Akasema "sawa". Simu ikakatwa upande wa pili na yeye hakuishusha sikioni. Alisimama vile muda ambao sikuwahi kuupima, na nikimwita haitiki. Halafu akaiweka simu akaendelea kufagia, sehemu ileile moja, mara nyingi, hadi shangazi alipofika akamwondoa ufagio mkononi.

Miaka yote nikisimulia nimekuwa nikisema "mama alipepesuka aliposikia". Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka aonekane aliumia, na neno la kuyumba lilionekana lina uchungu zaidi kuliko neno la kusimama. Ni uongo. Hakuyumba hata kidogo. Aliduwaa. Kupepesuka kulikuja jioni, watu wamejaa, alipotaka kuinuka aende ndani. Aliinuka, akaenda hatua mbili upande, akaushika ukuta, na shangazi akamdaka kiunoni. Ule mwili ulichukua saa nyingi kupata habari ambayo sikio lilishaipata asubuhi.

Kwa hiyo mhariri yuko sahihi na mimi niko sahihi. Kosa langu ni kwamba niliyaweka yote mawili katika dakika moja. Mhudumu wa afya ameeleza kwamba kuna watu ambao mwili unawaangusha palepale, na hao nitawaandika hivyo nikiwafikia. Mama wa kwenye hadithi hii siye. Huyu nimemchukua mahali ninapopajua.

#21

Pole sana mkuu. Mungu amrehemu mzee.

#22

Pole ndugu. Na neno "sawa" alilojibu mama limenigusa kuliko vitenzi vyote tulivyojadili.

#23 (mleta uzi)

Ahsanteni, nimepoa. Nimemrudishia mhariri asubuhi hii. Neno *mshangao* nimelitoa, *mlingoti* nimeutoa, na sentensi moja imekuwa mbili:

"Aliposikia kwamba mwanawe hatarudi tena, mama yule alisema 'sawa', akaduwaa, ufagio mkononi. Jioni, alipotaka kuinuka, akapepesuka, akaushika ukuta."